Kadi ya Bumbuwazi

Meneja wa idara ya kamusi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mchapakazi, mwenye ugomvi wa kudumu na karatasi. Jumatatu asubuhi alimtandikia Bi Koma mezani orodha ya maneno mia mbili yaliyokuwa njiani kufutwa. Toleo jipya lilitakiwa liwe jembamba, liingie kwenye mkoba wa mwanafunzi, na wembamba huo ilibidi utoke mahali fulani.

Bi Koma halikuwa jina lake, lakini hata mshahara wake ungekuja kwa jina hilo asingeshangaa. Alilipata ujanani katika chumba cha taipu, kwa sababu aliwahi kusimamisha kazi ya siku nzima kwa ajili ya koma moja iliyokaa vibaya, na ubishi ule akaushinda. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba, amebakiza miwili astaafu, na ndiye pekee katika jengo lile aliyekumbuka kamusi ilipokuwa ikitengenezwa kwa mikono.

"Mama, tazama hapa," Meneja alisema, akigonga orodha kwa kalamu. "Tuna zubaa, duwaa, butwaa, bumbuwazi. Yote si mtu kaganda tu? Tubakize moja, hayo mengine tuyaelekeze huko."

"Si yote mamoja."

"Haya, nifundishe."

"Anayezubaa ukimpigia makofi mbele ya uso anashtuka, anacheka, yamekwisha. Aliyeduwaa ameona kitu kimemzidi macho, mdomo wazi. Butwaa hukupiga, halafu hukuachia. Na bumbuwazi..." Bi Koma aliikunja orodha, akaikunjua.

"Bumbuwazi ndiyo nini?"

"Nitakuletea Ijumaa."

"Uniletee ushahidi basi, Mama. Sentensi za watu, sio hisia. Bila hivyo nalikata."

Angemwambia nini? Kwamba neno hilo analijua kwa ndani, kama mtu anavyoijua nyumba aliyofungiwa? Kwamba lilimpotezea dada yake? Mambo kama hayo hayaandikwi kwenye ripoti ya idara.

Jioni ile ile simu ililia akiwa anavua viatu. Alikuwa binti wa dada yake, yule wa mwisho, ambaye humpigia kwa mwaka mara mbili kwa sauti ya mtu aliyetumwa.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama anahama Jumapili. Anakwenda kuishi kwa kaka."

"Kule mbali kote?"

"Ndio huko. Macho yanamsumbua, na kaka hataki tena akae peke yake. Nyumba imeshapata mpangaji. Mimi nimeona nikwambie tu. Yeye hajanituma."

Bi Koma alishukuru, akaulizia watoto, akakata simu. Kisha alikaa kwenye kiti na kiatu kimoja mguuni. Ilikuwa miaka thelathini na tano sasa yeye na dada yake wamekuwa wakiamkiana kama wapangaji wa nyumba moja. Habari za siku nyingi, nzuri, wazima, Mungu anasaidia. Kwenye harusi walikaa meza tofauti, kwenye misiba walipeana mikono. Hawakuwahi kugombana, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana waliogombana hupatanishwa. Akiondoka Jumapili na macho yale, hawataonana tena, na Bi Koma atakufa bila kujua kama dada yake amemsamehe.

Jumanne alishuka chini ghalani kutafuta kadi.

Vijana wa siku hizi wakiambiwa kamusi ilikaa ndani ya makabati hudhani wanataniwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Makabati kumi na mawili ya mbao, kila moja na droo thelathini ndefu nyembamba, na ndani ya droo kadi zimesimama zimebanana, kila kadi neno na sentensi yake. Mbele ya kadi neno, maana na mfano. Nyuma, kwa penseli, iliandikwa nani alisema sentensi ile, wapi, na lini. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu, mkuu wao wa wakati ule, na haikuwa na huruma. Hakuna kutunga mfano. Sentensi lazima uwe umeisikia kwa masikio yako, kinywani mwa mtu aliyekuwa na haja ya kuisema.

Kwa hiyo walikuwa wambea wa mshahara. Walisikiliza kwenye foleni ya maji, kwenye vituo vya mabasi, sokoni, hospitalini, kwa majirani wanaogombana. Mmoja wao alipata kipigo kwa kuandika maneno ya mume na mke waliokuwa wakitukanana dirishani. Alirudi ofisini na jicho limevimba na kadi tatu safi, na Mwalimu akampa soda mbili. Bi Koma alicheka peke yake pale ghalani, katika harufu ile ya karatasi kuukuu na dawa ya mende. Siku zile mkono ulikuwa ukinuka wino mpaka mtu unakula na harufu yake, na saa nne chai ilikuja kwenye birika kubwa la bati lenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba, na taipureta sita zikilia pamoja hakuna aliyeweza kusikia mawazo yake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa akijiona amefika.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kama saa tisa na nusu alasiri. Wenzake watano walikuwa wametumwa mtaani kusikiliza, Mwalimu yuko chumba cha pili na mafaili yake. Yeye alibaki na rundo la kadi za herufi B za kunakili kwa taipu kwenye kurasa za rasimu. Mama yao alikuwa kitandani siku ya sita na homa, lakini ilikuwa ile homa ya kila mwaka, na asubuhi alikunywa uji wote na kumtania kwamba anaolewa na mashine.

Alisikia mlango, akainua macho. Dada yake amesimama kizingitini. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyeweza kwenda hata dukani bila kupiga pasi. Na mguu mmoja alikuwa amevaa kiatu chake cheusi cha kazini, mguu wa pili kandambili ya bafuni.

Hicho ndicho alichokiona Bi Koma, kiatu na kandambili, na pale pale akajua kwamba mama amekufa. Kinywa cha dada kilikuwa kikienda. Sauti haikufika. Alikumbuka kitu kama mkono begani mwake, na yeye akiutoa kwa bega, kama mtu anayefukuza inzi. Alikumbuka vidole vyake mwenyewe juu ya vitufe, na mwanga wa dirishani ukisogea sakafuni.

Alipozinduka, Mwalimu alikuwa amemshika viganja vyote viwili na kuvibana mezani. Jua lilikuwa linazama. Kwenye mashine kulikuwa na karatasi ya tatu, na kurasa zote tatu zilikuwa safi, hazikukosewa hata koma. Mwalimu alimsindikiza nyumbani. Walipofika, wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kulia.

Lile la kurasa tatu ndilo lililomchoma zaidi. Lilivuja, maana ofisi haina siri, na likafika msibani kabla ya matanga kwisha. Mtoto gani huyu, anaambiwa mama amekufa anaendelea kupiga taipu? Ana moyo wa chuma yule. Watu walisema, wakasahau, wakaenda zao. Dada hakusema kitu, lakini hakumtazama usoni siku zote zile za msiba, na baada ya hapo hakumtazama tena vizuri maishani. Bi Koma hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na jibu kamili la kwa nini, na jibu hilo akaishi nalo.

Hakuwahi kulia. Watu hawalijui hilo. Machozi yalikwama siku ile ile na hayakurudi, na kila alipojaribu aliona aibu, kama mtu anayedai kitu alichokwisha kukikataa.

Droo ya BU ilikuwa imekwama kwa unyevu. Aliivuta kwa nguvu zake zote, ikatoka na vumbi lake. Bumbuwazi lilikuwa na kadi nne. Tatu alizifahamu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyezipiga taipu. Moja ya mwanamke aliyeshuhudia ajali, moja ya mzee aliyeibiwa baiskeli mbele ya macho yake, moja ya kijana aliyekataliwa posa. Ya nne haikupigwa taipu. Iliandikwa kwa mkono wa Mwalimu, ule mwandiko wake wa kulala ubavu, na kwenye pembe ilikuwa na maneno mekundu: ISICHAPWE.

Aliisogeza kwenye taa.

"Bumbuwazi. Hali ya mtu kuwa macho, lakini mwenyewe hayupo. Huitwa asisikie, huguswa asijue. Mikono huweza kuendelea na kazi iliyozoea. Si dharau wala si ukosefu wa huruma. Humshika hasa yule ambaye habari inamhusu kupita kiasi. Mfano: Usimlaumu mdogo wangu, nilimwita, nikamshika bega, lakini alikuwa ameshikwa na bumbuwazi."

Aligeuza nyuma. Penseli ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. "Limesemwa na dada wa karani wetu wa taipu, wiki ya pili baada ya mazishi, alipokuja ofisini kuniomba nisimfukuze kazi mdogo wake kwa kutofika."

Bi Koma alisoma mara ya pili, na ya tatu, kama prufu ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Halafu alikaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu, na hakujali kama ni safi.

Kwa hiyo Dada alijua. Wiki mbili tu baada ya kuzika, wakati Bi Koma amejifungia chumbani anakunja na kukunjua nguo za marehemu, Dada alivaa viatu vyake akaja hapa kumtetea. Hakumhukumu. Basi ule uso uliogeuzwa upande miaka thelathini na tano ulikuwa wa nini?

Ijumaa alimpelekea Meneja zile kadi tatu, na maana aliyoiandika upya kwa kuiba maneno mengi ya Mwalimu, Mungu amrehemu. Meneja alisoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti.

"'Huguswa asijue,'" alirudia. "Mama, hii ilinipata mimi siku waliponiambia kuhusu mtoto wangu wa kwanza. Niliendelea kumenya viazi. Nilimenya vyote, mpaka vya akiba."

"Pole, mwanangu."

"Sikujua kama ina jina." Alichukua kalamu, akaandika pembeni ya orodha kwamba neno libaki, mistari yote. "Butwaa nalo liache. Hiyo mistari tutaipata kwingine."

Bi Koma alimwomba ruhusa ya kutoka mapema. Kadi ya nne ilikuwa kwenye pochi yake, jambo ambalo Mwalimu angemkatia kichwa, maana kadi haitoki ndani ya jengo. Alipanda basi la saa nane.

Alimkuta Dada sebuleni katikati ya maboksi, amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki, gauni limepigwa pasi utadhani anakwenda kukagua shule. Amekonda. Alipoinua uso ilibidi akunje macho kujua ni nani aliyeingia.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Ni wewe? Umekujaje na mvua hii? Njoo ukae. Kaa hapo kwenye boksi, lina mashuka tu. Ngoja nikupe chai, vikombe bado sijavifunga."

Chai ilikuja. Waliulizana habari za siku nyingi, nzuri, wazima, Mungu anasaidia. Bi Koma aliona wakianza hivyo watamaliza hivyo. Alifungua pochi, akatoa kadi, akamwekea dada yake mkononi. Dada aliisogeza mbali, akaileta karibu, akashindwa.

"Nisomee. Macho yangu haya ya mapambo."

Bi Koma alimsomea mbele, kisha nyuma. Neno mdogo alilisoma mara mbili.

"Yule baba!" Dada alisema. "Kumbe alikuwa anaandika! Mimi nadhani ananisikiliza kumbe ananiandika." Alicheka kidogo, kicheko cha kweli, cha zamani, na Bi Koma akaona jinsi alivyokikosa. "Ilibidi nimfuate. Ulikuwa hujatia mguu kazini wiki mbili. Kazi yenyewe ndiyo hiyo moja."

"Kwa hiyo ulijua hali yangu."

"Siku ile sikujua. Siku ile nilikulaani njia nzima, nisikufiche. Lakini nilipokuona baadaye, unakunja kanga moja ya mama mara kumi, nikajua yule niliyemwita hakuwemo."

"Basi mbona umenikwepa miaka yote hii? Mimi nimejua unanichukia, Dada. Nimekaa nalo hilo. Nimezeeka nalo."

Dada alikinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa. "Kunywa chai, itapoa."

"Sinywi. Niambie."

"Mambo ya zamani hayo. Mimi keshokutwa nasafiri, tuagane vizuri."

"Dada." Bi Koma alisogeza boksi lake mpaka magoti yao yakagusana. "Siku ile ulisimama mlangoni, ukasema. Mimi sikusikia. Niliona viatu vyako tu. Mpaka leo sijui ulinipaje ile habari. Ulisema nini?"

Mvua ilikuwa imekaza juu ya mabati. Dada alikaa akimtazama, safari hii usoni kabisa, kwa macho yale yasiyoona vizuri.

"Wewe umedhani nilisema nini?"

"Kwamba mama amekufa."

"Ndivyo ulivyodhani miaka yote?"

"Kulikuwa na jingine la kusema?"

Dada alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. "Mama alikuwa hai. Hali ilibadilika ghafla, nikatoka mbio, hata viatu sikuvitazama. Nilikwambia, 'Mama anakuita. Anataka kukuona, twende haraka.' Nikakushika bega ukanisukuma. Nikaona nikibaki kukubembeleza nitawakosa wote wawili. Nikarudi mbio peke yangu."

Bi Koma aliinamisha macho kwenye viatu vya Dada. Dada alimtikisa mkono kwa hofu, kana kwamba anaogopa atampoteza tena vile vile.

"Nasikia," Bi Koma alisema. "Endelea. Nakusikia."

"Akaniuliza, 'Mdogo wako yuko wapi?' Nikamwambia yuko njiani, anakuja, amesimama kidogo kukununulia machungwa. Akatabasamu. Akasema, 'Basi nitamngoja.'" Dada aliukaza mkono aliokuwa ameushika. "Alingoja mpaka jua linazama. Sasa hilo ningekwambiaje, na wewe unakunja kanga mara kumi? Ungeishi vipi? Nikasema silisemi. Lakini mimi siwezi kuficha kitu nikikutazama, unanijua. Kila nikikuona usoni naliona linatoka. Nikaona heri uniweke kwenye ubaya, uniite dada mwenye roho mbaya, kuliko ulijue hilo. Ndio hivyo. Sikukuchukia hata siku moja."

Hapo ndipo Bi Koma alipolia. Hakikuwa kilio cha mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye heshima zake. Kilikuwa kilio cha msibani, cha sauti ya juu, cha kutupa mikono na kuita mama, na kilitoka bila kumwomba ruhusa, kikapita mvua na mabati. Aliteleza kutoka kwenye boksi hadi sakafuni, na Dada akashuka naye, magoti yake mabovu na gauni lake la pasi, akamkumbatia kichwa. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia jikaze. Alilia naye.

Jirani wa mlango wa pili alikuja mbio na mwavuli, akasimama kizingitini, ameshika kifua.

"Jamani, kuna nini? Nani amefariki?"

"Mama yetu," Dada alimjibu.